Ruksa Anasubiri Neno

Mume wangu Nkwabi hana herufi r. Si kwamba hakusoma. Alimaliza la saba kwao Ngudu na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Akiandika, r inakaa mahali pake. Akifungua mdomo, haipo. Habari kwake ni habali, rafiki ni lafiki, kama Wasukuma wengi wa rika lake. Siku aliyokuja kwetu Shirati kuniposa alimwambia baba yangu kwamba mimi ndiye laha yake ya duniani. Wageni walipoondoka baba akaniuliza kwa Kijaluo, laha ni mnyama gani.

Nisijifanye bora. Mimi ni Ayoo, Mjaluo, na mtihani wangu ni sh. Kuiandika naiandika, kama hapa. Nikiitamka inatoka s, na sikupenda mtu anisikie. Miaka yote niliyokaa Igogo nilijifunza kuizunguka. Shilingi niliita hela. Shamba niliita mahali pa kulima. Wakubwa niliwaamkia kwa kuinama sana na kunung'unika kitu, nao wakadhani nina adabu kupita kiasi. Nkwabi peke yake ndiye aliyekuwa ananikamata, nami nikamkamata yeye, tukacheka, maisha yakaenda.

Kazi ya Nkwabi ilikuwa hadithi. Vibarua vya kubeba mizigo alivifanya, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia hadithi. Kila Jumamosi alasiri alisimama kwenye kiwanja nyuma ya soko akaita, "Nina kitu mdomoni," na watu wakajibu, "Kiteme tukione," na hapo Sungura na Fisi wakaanza kudanganyana. Alikuwa fundi. Nilimpenda kwa hilo kabla sijampenda kwa lingine lolote.

Halafu Paulo akafungua banda la video. Mwaka ule wa tisini na tano kila kitu kilikuwa ruksa: mitumba ruksa, viwanda vya samaki ruksa, na Paulo kuweka jenereta, televisheni na filamu za karate mita chache kutoka kiwanja cha mume wangu, nayo ruksa. Watoto walihama kwanza, kisha baba zao. Jumamosi moja Nkwabi aliita, "Nina kitu mdomoni," na waliojibu ni mtoto wetu Faith na mlevi mmoja aliyedhani anaulizwa kuhusu jino.

Wakati huohuo kaka yake Shigela alikuwa anatuma salamu kutoka Ngudu kwa kila mtu aliyepanda basi: kuna shamba limelala, njooni mlime pamba. Nkwabi alizipokea salamu hizo kwa muda mrefu akicheka. Baada ya ile Jumamosi hakucheka.

"Mvua zikianza na watu hawajaludi kwangu," akaniambia, "tunakwenda Ngudu."

Nililia, na sikujificha kulia. Ngudu nimefika. Watu ni wema, wananiita shemeji na kunichinjia kuku. Lakini mimi nimekulia ziwani. Huko maji yanachotwa kwenye lambo pamoja na ng'ombe, na samaki anafika akiwa mkavu, kichwa kimeliwa na nzi. Na Nkwabi shambani angekuwa nani? Mkulima mbaya. Nimemwona akishika jembe, analisimulia.

Mbwa alijileta mwenyewe. Mimi nilikuwa nakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani wakishachukua minofu, mifupa na vichwa, na nyama inayobaki huko ndiyo tamu kuliko waliyoipeleka Ulaya. Siku moja akatokea mbele ya karai langu mbwa wa kahawia mwenye madoa, mabega juu, makalio chini, anachechemea mguu wa kushoto. Nikamwonea huruma nikamtupia kipande. Kesho yake nikapita kwa Modesta, muuza vitumbua, nikamkuta mbwa yuleyule amekaa pale, anachechemea mguu wa kulia.

Nilimfukuza na mwiko mpaka nyumbani, maana alikimbilia kwangu, akaingia ndani bila hodi na kulala chini ya kitanda. Nikamwita Ruksa. Nkwabi alinizuia mkono.

"Mama Faith, usimpige. Huyo si mwizi, huyo msanii." Akainama akachungulia chini ya kitanda. "Na tazama mgongo wake. Huyo ni Fisi mzima."

Nilimwona mume wangu akicheka tena, kwa hiyo nikauweka mwiko chini.

Mpango wake ulikuwa huu. Yeye atasimulia, Ruksa atakuwa Fisi. Fisi wa hadithi akichechemea, mbwa achechemee. Fisi akifa, mbwa afe. Filamu za Paulo zina watu wanaoruka juu ya mapaa, lakini hazina fisi wa kweli anayekutazama machoni. Na alitaka amri zisionekane kabisa. Hatasema, "Luksa, lala." Neno litakaa ndani ya hadithi, mbwa alichomoe mwenyewe.

Mpango ulikuwa mzuri, mwalimu ndiye aliyekuwa hafai. Nkwabi alikaa na mbwa uani akamsimulia hadithi nzima tangu mwanzo, ili aielewe nafasi yake. Alimbembeleza. Alimpa kipande cha samaki kwanza, eti cha kumtia moyo, na Ruksa akishatiwa moyo akaenda kulala. Nilivumilia nikiwa kwenye karai langu mpaka uvumilivu ukaniishia, nikamwambia baba Faith anipishe.

Mimi sikumweleza mbwa kitu. Neno, kitendo, kipande. Bila kitendo hakuna kipande, hata uniangalie vipi. Kuchechemea alikuwa anakujua, nilimpa tu jina lake. Kufa nilikupata kwa kumvizia: kila alipojibwaga chali kwenye kivuli nilisema "fofofo" na kumtupia kipande, mpaka ikawa nikisema fofofo yeye anaanguka hata kama alikuwa katikati ya kujikuna. Kisha nikaanza kuyaficha maneno. Nilimsimulia bei ya mafuta, nikamsengenya Modesta kidogo, nikamlalamikia Paulo, na katikati ya umbea nikalichomeka neno. Ruksa alikuwa amekaa anasikiliza, sikio moja juu. Hajawahi mtu kunisikiliza vile.

Kigumu kilikuwa sahani. Kwenye hadithi Sungura anawaalika wanyama karamu na kumwambia Fisi asiguse mpaka wageni wote wafike. Kwa hiyo Ruksa alitakiwa kukaa mbele ya sahani ya bati yenye panki la moto, pua karibu nayo, na asiguse mpaka asikie "kula". Mwanzoni alikuwa anameza kabla sahani haijatua. Tuligombana sana, mimi na yeye. Aliniibia, nikamnunia, akaja kuweka kichwa kwenye goti langu, nikajifanya simwoni. Mwishowe alielewa. Alikaa, mate yakamdondoka mpaka vumbi likawa tope, macho kwenye midomo yangu, akisubiri. "Kula," nikasema, na panki likapotea. Nilimkumbatia yule mbwa mchafu mbele ya majirani.

Nkwabi naye akajaribu. Alisema "kula", na Ruksa akala. Kwenye neno hilo mimi na mume wangu tunatamka sawasawa.

Jumamosi zilizofuata watu walianza kurudi, wachache, wakisimama pembeni tayari kuondoka. Mawingu nayo yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa, na kila nikiyatazama naona Ngudu. Ndipo akaja Bwana Maige.

Huyu alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye kalamu mbili mfukoni, Msukuma wa Magu. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa unakaribia, naye alikuwa ametumwa kuzunguka kata za mjini kuwahimiza watu wajiandikishe. Mkutano wake wa kwanza, Butimba, alikuwa amehutubia viti. Alikuwa amesikia Igogo kuna mtu mwenye mbwa.

"Nikusanyie watu," akamwambia Nkwabi. "Ukinikusanyia watu hapa, nakwenda nawe kata zote mpaka Kiseke, na baada ya hapo kila mwenye mkutano Mwanza atakuwa anakujua. Ukishindwa, nitatafuta ngoma."

Alipoondoka tulitazamana. Mkutano huo ndio ungetubakiza mjini au kutupakia kwenye basi.

Siku yenyewe kiwanja kilijaa. Sijui ni mbwa aliyewaleta au ni vipaza sauti, lakini hata Paulo alizima jenereta akaja kusimama nyuma. Kulikuwa na jukwaa la mbao, na juu yake meza ya wageni yenye kitambaa cheupe, ambapo Modesta alikuwa ameweka sinia la sato wa kukaanga limefunikwa kwa kawa. Pembeni waandikishaji walikuwa na meza yao, hakuna aliyekwenda kwao. Mimi nilikaa chini ya jukwaa na kikapu cha mapanki.

"Nina kitu mdomoni," Nkwabi akaita.

"Kiteme tukione," kiwanja kikajibu, kiwanja kizima, na machozi yakanilengalenga.

Ruksa alikuwa kama amezaliwa jukwaani. Fisi akachechemea, Ruksa akachechemea, kwanza kushoto kisha kulia, jambo ambalo hatukumfundisha. Watu walishika mbavu. Ikafika karamu. Nkwabi akaiweka sahani ya bati mbele yake, Ruksa akakaa, mate yakaanza. Mama mmoja karibu yangu akanong'ona, "Jamani mpeni."

Na hapo hapo gari likafika. Bwana Maige akapanda jukwaani akifuta jasho, akamwambia Nkwabi ana mkutano mwingine, hadithi isimame kidogo. Nkwabi alinitazama, mimi nikamtazama Ruksa. Ruksa alikuwa anaitazama sahani. Hakuna aliyesema neno lake, kwa hiyo alibaki amekaa vilevile, nyuma ya mgongo wa mgeni.

"Ndugu zangu wa Igogo, habali za leo," Bwana Maige akaanza kwenye kipaza sauti. "Nimekuja kuzungumza jambo moja tu, nalo ni kula."

Panki likapotea.

Watu wa mbele wakacheka. Bwana Maige akatabasamu. Butimba hakuna aliyecheka.

"Ndiyo, kula. Kula ni haki yako. Tajili ana kula moja, masikini ana kula moja."

Nataka hili lieleweke: Ruksa hakuwa anaiba. Alikuwa anatii. Aliambiwa kula, akatazama sahani, tupu. Akaambiwa tena, akanusa hewa. Akaambiwa mara nyingine, na kwa sauti kubwa kuliko niliyowahi kutumia mimi, akainuka akaweka miguu ya mbele juu ya meza ya wageni na kulisukuma lile kawa la Modesta kwa pua.

"Na msisahau," Bwana Maige akaendelea, "kula ni sili."

"Sasa unakula au huli?" mzee mmoja akauliza, na kiwanja kikalipuka.

Nilijaribu kumwita Nkwabi kwa mikono, lakini Nkwabi alikuwa amesimama akisikiliza kwa heshima, anatikisa kichwa kukubali. Alikuwa haoni tatizo. Yeye alikuwa anasikia hotuba nzuri. Nyuma yao, kila neno lilipotajwa, sato mmoja alipungua. Watu walikuwa wanalia kwa kicheko, na Bwana Maige, kwa mara ya kwanza katika kazi ile, akaona amependwa. Akanyanyua mkono.

"Semeni wote pamoja nami. Kula!"

"Kula!" kiwanja kikaitikia, na Ruksa akaruka akapanda juu ya meza na miguu yote minne.

Sinia likaanguka. Bwana Maige akageuka.

Kicheko kilikatika. "Mbwa wa nani huyu?"

"Wangu, mzee," Nkwabi akasema.

"Amekula chakula cha wageni."

"Umemwambia, mzee. Umesema kula."

"Nimesema kula, ndiyo. Sikusema kula."

"Ndiyo, mzee. Umesema kula."

"Ndiyo hiyo niliyosema. Kula!"

Ruksa akamega tena. Wanaume wawili wa Kisukuma walitazamana, kila mmoja akiwa na hakika kamili, na hakuna aliyesikia alichokuwa anasikia mwenzake. Uso wa Bwana Maige ulianza kuvimba. Nikaliona lambo la Ngudu. Niliwaona ng'ombe wakinywa, nami nikisubiri zamu yangu na ndoo. Hasira zikanipanda, kwa Maige, kwa mbwa, kwa mume wangu, na sauti ikanitoka kama ya kwenye karai.

"Fofofo."

Ruksa akaanguka chali katikati ya meza, miguu juu, mkia wa sato ukiwa umechomoza mdomoni.

Nilipanda jukwaani kabla woga haujanikumbuka. "Mzee, samahani," nikasema. "Mbwa nimemfunza mimi. Amefunzwa kula, ya chakula. Wewe unazungumzia kura, ya kwenye karatasi. Zikipita mdomoni mwako zinakuwa moja."

Mkubwa harekebishwi ulimi mbele ya watu, na mimi nilikuwa nimemrekebisha kwenye kipaza sauti. Bwana Maige alinitazama kutoka kandambili mpaka kitambaa cha kichwa.

"Wewe mama ni mtu wa wapi?"

Mtego ulikuwa wazi na sikuwa na pa kupita. "Sirati," nikasema.

"Wapi?"

"Sirati, mzee."

"Ahaa." Akakisogeza kipaza sauti karibu na mdomo wangu. "Na mbona hujaniamkia?"

Ningeweza kuinama na kunung'unika, kama siku zote. Lakini nilimwona Nkwabi, uso wake umenywea, na nikajua kwamba leo hakuna kuzunguka. Nikasimama wima.

"Sikamoo, mzee."

Ikaenda kwenye vipaza sauti, ikafika sokoni, nadhani hata ziwani ilisikika. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Niliona aibu, ndiyo. Bwana Maige alikaza midomo, akaikaza tena, mashavu yakamtetemeka.

"Malahaba," akasema, na yeye mwenyewe safari hii akajisikia. Akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, akashika nguzo ya jukwaa. "Mjaluo umenipata," akasema. "Umenipata, na mimi nimekupata."

Nkwabi hakuingoja nafasi ipite. Alichukua kipaza sauti.

"Nina kitu mdomoni."

"Kiteme tukione."

"Mnamwona Fisi pale mezani? Chakula kilikuwa cha wageni wote. Lakini wageni walikaa nyumbani, kila mmoja akisema wengine watakwenda. Fisi akaja, akala cha huyu, akala cha yule, akala mpaka akaanguka. Sasa nani hapa anataka Fisi amlie kula yake?"

Hakuna aliyetaka. Mama aliyekuwa karibu yangu ndiye aliyetangulia kwenye meza ya waandikishaji, kisha yule mzee, kisha Paulo, na foleni ikakua mpaka ikazunguka kiwanja. Ruksa alibaki amekufa muda wote huo. Ilibidi nimnong'oneze atoke.

"Kesho kutwa Kiseke," Bwana Maige akatuambia alipokuwa anapanda gari. "Wote watatu. Sato nitaleta mwenyewe, na mimi nitaongea vilevile."

Tukaenda Kiseke, tukaenda kata ambazo sikuwahi kuzisikia. Ruksa alinenepa mpaka Fisi wetu akaanza kufanana na kiboko, kwa hiyo nikamfundisha upya: nikisema kura anakaa, nikisema kula anakula. Alielewa upesi, maana masikio yake hayana kabila. Bwana Maige na mume wangu nao walikaa kwenye mafunzo hayo, uani kwangu, wakirudia nyuma yangu kwa bidii. Hawajaelewa hadi leo. Mimi nimebaki na sikamoo yangu, naitoa kwa sauti kamili, na wazee wa Igogo wananipita njiani makusudi niwaamkie.

Mvua zilikuwa zinapiga bati siku aliyokuja Shigela kutoka Ngudu, suruali imelowa mpaka magotini. Nilimkaangia sangara, akala, kisha akamuuliza mdogo wake lile swali lililomtoa nyumbani. Shamba lile limepata mtu mwingine. Kwa nini hatukuja?

Nkwabi alichungulia mlangoni. Nje kulikuwa na ujumbe wa watu wa harusi wanamsubiri, walitaka Fisi Jumamosi.

"Tumebaki mjini kwa sababu ya kula," akasema.

Nilifungua mdomo nimrekebishe, kama kawaida yangu. Nikaufunga. Ruksa alikuwa ameshainuka kutoka chini ya kitanda, amekwenda kukaa mbele ya sahani yake ya bati, ananitazama midomo. Nikamwekea panki kubwa kuliko yote.